Mbweu ya Mwenye Njaa

Kitu unachokipenda usikilenge. Naliandika hili mwanzo kabisa maana wengine mtaishia hapa, na mkiishia hapa angalau mtakuwa mmebeba hilo. Anayelenga hufumba jicho moja. Hebu jaribu. Nyoosha mkono, ukilenge kile kikombe pale. Umeona? Jicho moja limejifunga lenyewe, na vyote vilivyokuwa pembeni ya kikombe vimepotea. Na kikombe chenyewe, unakilenga ili iweje kama si kukivunja? Sijamsikia mtu aliyemlenga swala ili swala aendelee kula majani.

Mji ninaousimulia ulilenga shibe.

Jina lake silitaji. Nikilitaja mtasema kumbe ni kule, basi, mtageuka upande wa pili mlale. Jueni tu kwamba ulikuwa mji wenye jua lisilojua kazi yake, likichwa pale lilipochomoza, na umri wa watu haukukaa mwilini kama unavyokaa kwenu. Nilikuwa na mtoto mmoja, Sikudhani. Asubuhi naweza kuwa nimembeba mgongoni, adhuhuri akanipita urefu, alasiri akarudi kuniuliza kwa nini kuku hana meno. Nilishazoea. Mama hamjui mwanawe kwa miaka, humjua kwa uzito, na uzito wa Sikudhani niliujua katika kila umri wake. Ndiyo sababu nilitangulia kuogopa. Ulipoanza kupungua, ulipungua katika umri wote kwa pamoja. Mtoto wa mgongoni akawa mwepesi, msichana wa kunipita urefu akawa mwepesi, na yule muulizaji wa kuku nikimnyanyua nilihisi kama nimenyanyua kapu ambalo mtu ameshatoa vitu.

Lakini nianze na Nyumba.

Nyumba ya Shibe haikujengwa na watu wabaya, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu mbaya ungemrushia jiwe ukapumua. Njaa ya awali ilikuwa ya kweli. Watu walichemsha ngozi za viti wakanywa mchuzi. Wakatokea wenye huruma, wakajenga Nyumba ndefu yenye madirisha, kila mtaa na dirisha lake la chakula, na juu ya mlango wakaandika: KILA TUMBO LISHIBE. Nililia nilipoyasoma. Hata leo siwezi kuyacheka maneno yale.

Sasa, utajuaje kama tumbo la mwenzio limeshiba? Usikimbilie kujibu. Tumbo halina tundu la kuchungulia. Ukimwuliza aliyelelewa atakwambia nimeshiba na hajala tangu juzi, ndivyo alivyofundwa. Asiyelelewa atasema bado hata chakula kikimfika kooni. Wenye Nyumba walihangaika na swali hilo mpaka wao wenyewe wakakonda. Ndipo mmoja wao akapita uani kwa watu, akamwona mama amemweka mtoto mchanga begani, anampigapiga mgongo taratibu. Akamwuliza anafanya nini. Yule mama akamjibu kwamba amemnyonyesha, sasa anangoja abeue ajue ameshiba. Mtoto akabeua. Mama akatabasamu akamlaza.

Yule bwana alirudi Nyumbani mbio, kanzu kaishika mkononi.

Na sisi tuliposikia tuliona ni sawa kabisa. Kwetu mgeni akila kwa mtu kisha mbweu ikamtoka, hafichi. Anamshukuru Mola, na mwenye nyumba anafurahi kuliko angeambiwa asante. Mbweu hutoka yenyewe. Tulidhani ni shahidi asiyehongeka. Basi kila dirisha likawekewa sikio la shaba, pana kama sinia, na nyuma ya sikio bomba lililopanda mpaka chumba cha juu wanakokaa Wasikilizaji. Unakula, unasogeza mdomo, unabeua, unaenda zako. Dirisha linalobeua sana linaongezewa unga. Dirisha lisilobeua linafungwa, kwani lipike nini na chakula chake hakishibishi? Lisikilize vizuri hilo, utaona lina akili. Kila jambo nitakalokusimulia lina akili. Ndicho kinachonitia kichefuchefu.

Mpishi wa dirisha letu alikuwa Bi Mashavu, mwanamke mnene wa mikono, shoga yangu wa siku nyingi. Alipika kunde zikaiva mpaka zinakupasukia ulimini. Tulikula, tukabeua, mbweu fupi fupi za watu waliokula: moja, pengine ya pili ukiinuka. Lakini dirisha la mtaa wa pili lilikuwa linabeua kuliko letu. Tukaletewa habari kwamba unga wetu utapunguzwa, na si kwa ubaya, ila kwa kuwa wenzetu wanaonekana kushibisha zaidi. Bi Mashavu akaenda kuchungulia kwa wenzake. Aliporudi hakusema kitu. Siku iliyofuata nikaona anatia magadi kwenye sufuria, kisha anakamulia limau, chakula kikaumuka povu kikamwagikia jiko.

Nikamsogelea nikamwuliza kwa upole ni mapishi gani hayo. Hakukasirika. Alifuta jasho kwa kiwiko akaniambia, "Shoga, mimi siulizwi wamekula nini. Naulizwa wamebeuaje."

Nikamwambia povu si chakula.

"Na dirisha likifungwa, hilo nalo ni chakula?"

Nikachukua sahani yangu. Ilichemka mdomoni kama mate ya mwendawazimu. Nikabeua hapo hapo, mara nyingi, mbweu chachu za kuchoma koo, na kule juu bila shaka mtu alitabasamu.

Tangu hapo mambo yakateremka, lakini yaliteremka kwa ngazi, si kwa shimo. Ingekuwa shimo tungepiga kelele. Povu likaongezeka, kunde zikapungua, kwa sababu povu ndilo lililosikika. Kisha ikaonekana hata povu si lazima: ukimeza upepo kwa namna fulani, ukaushika chini ya mbavu, ukaupandisha polepole, unabeua bila kula. Wakatokea walimu wa jambo hilo. Watoto wakapangwa uwanjani asubuhi, vifua mbele, midomo wazi kama vifaranga, wakifundishwa kumeza hewa. Sauti zao zilifika mpaka kwangu. Kuta zikashika harufu ile, harufu ya tumbo la mtu mwingine, uchachu wa maziwa yaliyoharibika na nyongo, ukaingia kwenye nguo na kwenye nywele, ukaingia hata katika maji ya mtungini. Nilikuwa nikifua khanga nazianika na bado zinanuka koo. Pale madirishani mate yaliteremka kwenye shaba, yakaganda, yakaota utelezi wa kijani, na watu wakaweka midomo yao pale pale, mzee kwa mtoto, wakijifuta kwa mgongo wa kiganja na kusema Alhamdulillahi.

Walisema Alhamdulillahi. Kwa upepo.

Na usidhani watu walijiona waongo. Ukimwita mtu mwongo alikushangaa. Uongo uko wapi, kabeua au hakubeua? Kabeua. Hata maneno yakaanza kuhama kimya kimya, kama panya wanavyohama nyumba. Kubeua kukaitwa kula. Jirani alinipita mlangoni akaniuliza kama nimeshakula, nikajikuta najigusa koo badala ya tumbo. Wachumba walipokuja kuposa waliomba binti abeue nyuma ya pazia. Wanawake tulitaniana kisimani. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba mwanawe anabeua kama bata aliyekanyagwa, na mwenzake akamjibu kwamba heri bata wangu anasikika, wako hata kukanyagwa hajakanyagwa. Tulicheka. Nilicheka nami, mkono mdomoni, huku nikisikia meno yangu yanalegea.

Wahenga waliacha neno moja kwa mambo mawili. Kubeua ni kutoa upepo wa tumbo, na kubeua ni kumdharau mtu, kumpandishia mdomo. Nilizoea kufikiri ni bahati tu ya lugha. Sasa nadhani lugha ilishapita katika mji huu kabla yangu.

Sikudhani alikuwa na kipaji. Siwezi kulificha hilo, na nakiri kipaji cha mtoto hata kiwe cha nini humlainisha mzazi. Alipoweka mdomo kwenye sikio la shaba, mbweu yake ilitoka nzito, ndefu, ya chini, ikazunguka bomba zima, na watu kwenye foleni wakanyamaza. Mtaa mzima uliishi kwa koo lake. Bi Mashavu alimpa jina la utani, Mama Unga, na wazee walimpisha njia katika umri wowote alioamka nao.

Mimi nikawa nampima mikononi. Kila siku mwepesi zaidi.

Nilimwekea chakula nyumbani. Nilikuwa nimejilimia kunde kidogo nyuma ya choo ambako hakuna aliyetaka kupita, nikazipika kwa nazi. Alizitazama akazisogeza. Nikadhani anaumwa. Ndipo aliponieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kile ambacho walimu wao walishakijua siku nyingi: tumbo likiwa na kitu, mbweu inatoka fupi na butu. Likiwa tupu kabisa, kuta zake zimenyooka, ndipo linavuma.

Debe tupu haliachi kuvuma. Nimelisikia neno hilo tangu utoto, likisemwa kwa wenye maneno mengi na akili kidogo. Sikujua kwamba ipo siku watu watalichukua kama maelekezo.

Kwa hiyo huko ndiko tulikofika. Nyumba iliyojengwa ili kila tumbo lishibe ilikuwa sasa inawatafuta wenye njaa kuliko wote, inawasikiliza, inawasifu, na kuupelekea unga mtaa wao, na unga ule mtaani haukuliwa, kwa kuwa anayekula anaharibu sauti. Uliwekwa. Uliota wadudu. Nilifungua gunia moja kwa Bi Mashavu nikaona unga unatembea.

Kisha Bwana Shamte akashuka.

Bwana Shamte alikuwa Msikilizaji wa mtaa wetu, mtu wa heshima, mwembamba, masikio yake yamekua makubwa na laini kwa kazi, nayo yalitikisika alipotembea. Hakuwahi kutuona, alitujua kwa sauti tu. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akapiga hodi, akakataa kuketi. Alisema Siku ya Kusikiwa inakaribia, ambapo Mkuu wa Nyumba mwenyewe atateremka uwanjani kusikiliza, na kila dirisha litatoa mtu wake mmoja. Sisi tumpeleke Sikudhani. Akibeua kama anavyobeua, dirisha letu litakuwa dirisha la mfano. Asipobeua litafungwa. Akaongeza, kwa sauti ya kujali kabisa, kwamba mtoto asitiwe kitu tumboni kuanzia hapo mpaka siku yenyewe.

Nilimwambia, "Bwana Shamte, mtoto huyu ana njaa."

Akanitazama kwa huruma. "Mama, huyu ndiye aliyeshiba kuliko watu wote mjini. Mimi namsikia kila siku."

Na wakati anasema hivyo, tumbo lake mwenyewe lilinguruma. Lilinguruma kwa nguvu, ule mlio wa njaa usiofanana na kitu kingine, na sisi wawili tuliusikia. Akaweka kiganja juu yake. Nikamwuliza kama hilo nalo Nyumba inalisikia. Alijibu bila aibu kwamba hapana, mingurumo haimo, bomba limechongwa kupokea mbweu. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalibeba. Aliniuliza, "Ukiondoa mbweu, mama, utaweka nini mahali pake?"

Ninyi mnaosoma mnadhani mngemjibu. Niambieni, mngemwambia asikilize nini? Mngempa kitu gani cha kulenga ambacho mtaa wangu, kwa mapenzi yake yote kwa watoto wake, usingekichinja?

Nililipeleka swali lake chumba kwa chumba humo Nyumbani, nikipanda na kushuka ngazi ambazo nyingine zilinirudisha umri, nikafika mlango mmoja kimo changu ni cha mtoto na nikalazimika kurukaruka kulishika komeo. Kote nilikutana na watu wema. Wa unga alisema yeye hupeleka unga pale mbweu zinapotoka, na hakika anapeleka. Wa mabomba alisema mabomba hayavuji, na hakika hayakuvuja. Wa walimu alisema watoto wanafunzika. Nilitafuta mtu mmoja wa kumshika shingo nikamkosa. Kila niliyemgusa alikuwa amefumba jicho moja na ameelekeza mkono mbele, na mbele yake alikuwepo mwingine hivyo hivyo, mstari mrefu wa mikono iliyonyooka, na mwisho wa mstari, kule kwenye ncha, alisimama mwanangu.

Nikatapika kwenye ngazi zao. Mtu akaja kwa adabu akaniuliza kama hiyo nayo ilitanguliwa na mbweu.

Niliporudi Sikudhani alikuwa ameketi uani, msichana mkubwa, magoti yamemzidi mapaja. Nikamwambia hutakwenda. Akaniambia atakwenda. Nikamwambia utakufa. Hapo akasema neno ambalo ningependa kulidharau na nashindwa.

"Nisipobeua, dirisha litafungwa. Watoto wa mtaa watakula nini?"

"Kwani sasa wanakula nini?"

"Povu," alisema. "Lakini ni la kwao."

Mwanangu hakuwa mjinga. Alikuwa ameweka mtaa mzima kwenye koo lake, na alijua. Nami nilijua kwamba nikimlisha, Bi Mashavu atafungiwa jiko, na wale vifaranga wa uwanjani watapokwa hata hilo povu. Nililipima hilo. Nimelipima tena mara nyingi baadaye. Sitawaambia nilikuwa na haki. Nawaambia nilikuwa mama, na hayo ni mambo mawili.

Asubuhi ya Siku ya Kusikiwa jua lilichomoza kwa kusitasita, na Sikudhani akaamka mdogo. Aliamka na umri wa kukaa mapajani, umri wa kukuaminia chochote unachomletea mdomoni. Nilijua hautadumu. Nikaipakata ile mifupa, nikachukua kunde zilizoiva, nikazitafuna mimi kwanza kama bibi zetu walivyofanya, nikamtilia mdomoni kwa kidole. Alimeza. Akafumbua mdomo tena. Nikamtilia tena. Alikula huku machozi yanamtoka na pua inamtiririka ikichanganyika na chakula, nikaifuta kwa mkono na kuendelea. Katikati ya kula akaanza kukua. Miguu ikarefuka ikagusa sakafu, uso ukawa wa binti anayeelewa, na yule binti akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona machoni mwa mtu, lakini mdomo haukuacha kutafuna. Uliendelea wenyewe, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alikula mpaka chungu kikakwaruzika.

Kisha akajifuta, akavaa nguo nyeupe aliyoletewa na mtaa, akatangulia mlangoni. Hakusema nami. Nikazitia kunde nilizokuwa nimezitenga kando kwenye kisufuria, nikakifunga kwa kitambaa, nikamfuata.

Uwanja ulikuwa umejaa mji mzima. Mkuu wa Nyumba alikaa jukwaani, mzee mwenye uso mzuri, yule yule aliyepita uani kwa watu siku ile, au mwanawe, mimi nisingeweza kusema. Madirisha yakaitwa. Watu wakabeua. Kila mmoja alikuja mifupa na ngozi, akafungua kinywa, na kikatoka kishindo kinene kisichofanana na mwili uliokitoa, na upepo wake ukatufikia tuliosimama, vuguvugu, wenye harufu ya kisima kilichofukiwa na kitu ndani. Watu walipiga makofi. Mmoja alibeua akaanguka, wakamtoa kwa miguu, na kusifiwa kwake kukazidi.

Sikudhani akaitwa. Mtaa wetu ukasimama. Bi Mashavu alinishika mkono kwa nguvu, kiganja chake kimelowa, akaninong'oneza kwamba Mama Unga anatuweka juu leo.

Mwanangu aliweka mdomo kwenye sikio la shaba. Kikapita kimya. Nikamwona anajikaza, mishipa ya shingo inamtoka, anaupandisha upepo, na upepo unazama ndani ya kunde kama jiwe kwenye tope. Akajaribu tena. Hakikutoka kitu, hata ile mbweu fupi ya kawaida haikutoka. Mdomo ulibaki wazi juu ya ile shaba yenye ute, na mji mzima ukasikiliza.

Mkono wa Bi Mashavu ukaachia wangu. Alinigeukia, akaninusa mdomo tu, basi, akajua. "Umetuua," aliniambia. Akajitenga nami hatua, na mtaa wote ukamfuata upande huo huo. Mtu akatema mate karibu na mguu wangu. Mwingine aliuliza kwa sauti ni mwanamke gani huyu anayewaibia watoto wa wenzake sauti. Nilisimama pale nimeshika kisufuria changu, na watoto wao walikuwa wamesimama nao, wananitazama.

Lakini Mkuu wa Nyumba aliinuka. Nasema tena hawakuwa wajinga. Aliteremka jukwaani polepole, akamwendea Sikudhani, akamnusa, akapiga magoti na kuweka sikio lake la nyama kwenye tumbo la mwanangu. Alikaa hivyo kitambo. Alipoinuka alikuwa analia, na yalikuwa machozi ya kweli.

"Huyu amekula," alisema. "Huyu ameshiba kweli, na yuko kimya." Akawageukia watu. "Tulikosea miaka yote hii. Kumbe shibe haina kelele."

Kwa pumzi moja nilidhani tumeokoka. Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka. Nilidhani sasa atauliza alikula nini, kiko wapi, kinapikwaje. Alikuwa amelifikia lile tumbo kwa sikio lake, amelisikia, ukweli umelala pale chini ya ngozi, vuguvugu, umbali wa unywele.

Akauliza kama Wasikilizaji wanaweza kusikiliza kimya. Bwana Shamte akajibu kwamba wanaweza, tena ni rahisi zaidi. Basi ikatangazwa hapo hapo. Dirisha litakalonyamaza kuliko mengine ndilo litakaloongezewa unga.

Ungewaona. Hakuna aliyeamriwa. Bi Mashavu, shoga yangu, alishavua khanga yake ya kichwa akiitatua vipande, uso wake umechangamka kama mtu aliyepewa dirisha lake upya, na kweli alikuwa amepewa. Akina mama wakawafunga watoto wao vinywa, fundo kisogoni, kwa mapenzi, wakiwaambia vumilia baba, vumilia mwanangu, tutakula. Walimu wakawa wanapanga safu. Na wale waliomeza upepo tangu alfajiri, upepo ukawapanda hauna pa kutokea, mashavu yakavimba nyuma ya vitambaa, kitu cha njano kikalowesha nguo na kuteremka kidevuni, wakakimeza tena, macho yamewatoka, wasije wakasikika. Uwanja mzima ulikuwa unameza. Niliusikia. Ndiyo sauti pekee iliyobaki, ile kwikwi ya makoo, mji mzima ukijinywa wenyewe.

Wakamjia Sikudhani wamfunge, yeye kwanza, kwa heshima, kitambaa chake kimetiwa nakshi. Nikamshika mkono nikamvuta. Hawakutuzuia, maana kuzuia kungeleta kelele. Tulipita katikati yao wakitupisha, na kila uso uliofungwa ulitutazama tu. Sijui kama walituchukia au walituomba. Kitambaa huficha nusu ya uso, na ile nusu ndiyo inayosema.

Alitembea mbele yangu, mkono ameutoa katika wangu. Mgongo wake ulinikataa. Kulia kwetu na kushoto kwetu masikio ya shaba yalikuwa yanapanguswa mate na kugeuzwa yaelekee nje, yasikilize barabara. Tulifika mahali ambapo nyumba zinaachana. Akasimama. Sikujua ana umri gani wakati ule, na sidhani yeye alijua. Alinigeukia, uso bado mkali, akaufumbua mdomo kwa shida kama mtu anayetafuta neno la lugha aliyoisahau.

"Mama," alisema, "nina njaa."

Chungu kimoja cha asubuhi kisingeziba njaa ya umri wake wote, lakini katika mji ule sikuwa nimelisikia neno hilo kwa mtu mwingine yeyote. Nyuma yetu sikio moja la shaba liliacha kupanguswa. Nikaona linageuka, taratibu, likitutafuta. Nikavua khanga yangu nikamfunika nayo, yeye na kisufuria, nikaingiza kichwa changu humo ndani pamoja naye, gizani, nikamwambia asiseme tena kwa sauti. Aniambie mimi tu, hapa sikioni, na asimwambie mtu yeyote asiyeshika chakula mkononi.

Akaniambia. Pumzi yake ilinuka kunde.